Mimi na Koyoti wa Sikio Lililochanika

Jumatatu, 6 Mei

Mwanakondoo mwingine kaenda! Wa Myrtle, yule jike mwenye uso mweusi. Nilifika na pikapu kijitoni alfajiri, nikamkuta kakabwa koo, bado ana joto. Mhalifu mwenyewe alikuwa juu ya kilima. Koyoti. Kama mbwa mwitu mdogo, na sikio la kushoto limechanika. Hakukimbia. Alikaa chini akanitazama kama mtu anayesubiri basi.

Sikuwa na bunduki. Mke wangu Ardis ameifungia kabatini tangu nilipolitoboa tangi la maji.

Ardis hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alinawa mikono taratibu, akasema kondoo hawa aliachiwa na marehemu baba yake, hataki kuwaona wakimalizwa mmoja mmoja kama karanga. Akiliwa mwingine, mmoja tu, anawapeleka wote mnadani, na yeye anahamia kwa dada yake Arizona. Nikauliza, na mimi je? Akasema nafasi ipo, ila mbele ya nyumba ya dada yake hakuna majani, kuna kokoto, na dada yake hataki mwanamume wa kuvua buti sebuleni.

Mimi, Orrin Tveit, niondoke Montana nikachunge kokoto!

Akaongeza kuwa kuna shimo chini ya uzio pale kijitoni, nilizibe kwa mawe. Wimbo huo anauimba tangu theluji ilipoyeyuka. Shimo! Koyoti ni mnyama wa akili, anataka mtu wa akili. Mawe anaweza kupanga yeyote.

Jioni alimchuna mwanakondoo yule, akamvisha ngozi yake yatima mmoja tuliyekuwa tunamlea kwa chupa jikoni, akampeleka kwa Myrtle. Myrtle alimnusa mkiani. Akafikiri. Akamnusa tena. Kisha akamwacha anyonye. Hili naliona kila masika tangu nioe, na bado linanishangaza. Mnyama ana macho mazima mawili, lakini anaamini pua! Nimeliweka akilini.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza. Redio. Nimeifunga kwenye nguzo ya uzio, sauti mpaka mwisho, stesheni ya wale wanaogombana kuhusu bei ya ngano. Koyoti huogopa sauti za watu.

Ardis akasema kwa maneno yale hata yeye angekimbia. Nimelichukua kama pongezi.

Alhamisi, 9 Mei

Redio ilifanya kazi siku moja. Leo alfajiri nilikwenda na darubini, nikajilaza nyuma ya tangi. Mambo niliyoyaona! Sikio Lililochanika alikuwa amelala chini ya nguzo, kajikunja vizuri, anasikiliza. Bei ya ngano ilimtia usingizi. Ilipokuja hali ya hewa akainua lile sikio zima. Wakasema mvua mchana. Akasimama, akajinyoosha, akaenda zake. Na mvua ikanyesha mchana!

Je, alielewa? Au alikuwa anajua tayari, akataka kuhakikisha kama wao wanajua? Sikufanya kazi mchana kutwa kwa kuwaza.

Jaribio la pili lilikuwa muziki wa kodiani. Hapo alinuna, akaondoka. Ushindi! Lakini Verlyn Brekke akapiga simu kulalamika. Verlyn ni binamu yake Ardis, shamba lake limepakana na letu upande wa mashariki. Masika haya hajapoteza hata mwanakondoo mmoja, na atakuambia hivyo hata ukimuuliza ni saa ngapi. Anaye punda, Bernice, anayechunga kondoo wake. Bernice hapatani na chochote chenye ukoo na mbwa.

Akaniuliza, shemeji, siku hizi unampigia koyoti dansi? Basi mtengee na kahawa. Kisha akajitolea kuniazima Bernice. Nikakataa katakata. Niokolewe na punda wa Verlyn! Ningeisikia hadithi hiyo kanisani kila Jumapili mpaka nizikwe, na siku ya kuzikwa angeisimulia tena.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepata! Vitambaa. Wanyama wa jamii ya mbwa huogopa vitambaa vinavyopepea kwenye kamba. Jambo linalojulikana. Vitambaa sina, lakini Ardis alifua asubuhi kabla ya kwenda kuwasaidia kina mama kuoka keki kanisani. Kwa hiyo nimezitoa nguo kwenye kamba yake nikazipanga kwenye uzio wa kondoo, toka barabarani hadi kijitoni. Mashuka. Mataulo. Suruali zangu ndefu za ndani za baridi. Magauni ya kulalia. Blauzi ya buluu ya kwaya.

Zinapepea kama meli ya kifalme. Nitazianua kabla hajarudi.

Jumapili, 12 Mei

Nilisinzia, na Ardis alirudi giza limeshaingia, hakuuona uzio.

Barabara yetu ndiyo ya kwenda kanisani. Bonde zima limepita hapo leo asubuhi. Mchungaji alihubiri mwanzo hadi mwisho anaangalia dari. Wakati wa kahawa Verlyn akanijia, sauti juu, akauliza kama tunafungua duka, na zile suruali ndefu ni saizi gani.

Ardis aliimba kwaya akiwa na koti la baridi. Mwezi wa Mei! Blauzi ya buluu haikuonekana. Tuliporudi, alipokuwa anashuka kwenye gari, alisema neno moja tu, mawe.

Blauzi najua iliko. Niliiona kwa darubini kabla hatujaondoka, lakini haikuwa saa ya kusema. Sikio Lililochanika aliichagua mwenyewe. Alipita mashuka, alipita mataulo, suruali zangu alizinusa akapiga chafya. Akavuta ile ya buluu. Akaipitisha kwenye lile shimo la Ardis kwa ustadi wa ajabu. Kwanza kichwa, kisha bega moja, kisha bega la pili, kisha blauzi. Akapanda nayo korongoni.

Kwa nini buluu? Anaijua rangi? Au ni manukato ya Ardis?

Jambo jingine. Alipogeuka niliona chuchu zimevimba. Ana watoto. Ndiyo maana anahangaika hivi. Hili sikumwambia Ardis. Sijui kwa nini sikumwambia.

Jumanne, 14 Mei

Mpango wa tatu, na huu ndio wenyewe. Nashangaa sikuuona mapema, wakati Myrtle alinionyesha tangu siku ya kwanza. Ngozi!

Kondoo anadanganyika kwa pua. Koyoti anaishi kwa pua. Basi nikiwa ndani ya ngozi ya kondoo, katikati ya kondoo, koyoti atanijia mwenyewe. Nitamwona anavyochagua, anavyonyemelea. Kisha nitasimama ghafla na kupiga kelele. Hatarudi tena, na atawaambia wenzake.

Nimechukua ile ngozi kubwa ya baba mkwe iliyokuwa kwenye kiti cha bembea. Nimeishonea kamba za robota za nyasi, mbili kifuani, moja tumboni. Nimejipaka mafuta ya sufu mpaka shingoni. Kisha nikatambaa zizini kwa majaribio. Myrtle akanijia nyuma. Akaninusa. Akafikiri. Hakukimbia! Moyo wangu ulijaa, nasema kweli. Kukubaliwa na Myrtle si jambo dogo, mimi mwenyewe hunichukua wiki nzima kukubaliwa na Ardis.

Ardis akauliza ngozi ya baba iko wapi. Nikasema ninaianika nje. Na kweli ilikuwa nje.

Alikwenda kwa Verlyn alasiri, akarudi jioni. Sikuuliza alifuata nini. Nilikuwa nimejifungia bandani, nashona.

Jumatano, 15 Mei

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa haiwezekani.

Nilianza vizuri. Alfajiri, umande, kondoo wametulia, nami nimetulia katikati yao. Mbele yangu kilima, juu ya kilima Sikio Lililochanika, amekaa, ananitazama. Shingo kaikunja upande. Ananitazama mimi, si wengine! Nilitetemeka kwa furaha.

Kisha nikasikia pumzi nyuma yangu. Nzito. Nikadhani Myrtle.

Bernice!

Kumbe Ardis alimwazima jana. Verlyn alimleta jioni, wakamfungulia malishoni, mimi niko bandani na sindano. Hakuna aliyeniambia! Bernice alimwona mnyama asiyemjua anatambaa kuelekea wanakondoo, akaamua lake. Nilimweleza kwamba mimi si jamii ya mbwa. Nilimweleza kwa sauti ya upole. Akaniuma pale pa kukalia.

Nilikimbia kwa miguu minne. Nikakimbia kwa miwili. Geti lilikuwa mbali, Bernice alikuwa karibu. Nikaliona lile shimo, nikakumbuka ustadi. Kwanza kichwa, kisha bega moja, kisha bega la pili. Kisha tumbo. Tumbo likakataa.

Nikakwama hapo, nusu yangu kwa kondoo, nusu nyikani. Nyuma Bernice anatafuna ngozi ya baba mkwe. Nikainua uso, na yule pale.

Alikuwa ameshuka kilima. Pua yake na yangu, mtu angeweza kupitisha kikombe katikati, kidogo tu. Macho ya manjano. Amekonda zaidi ya nilivyodhani. Pumzi yake ina harufu ya panya. Alininusa paji la uso. Akafikiri, vilevile kama Myrtle. Akaninusa nywele. Nilisahau maumivu, nilisahau na kelele niliyokuwa nimeiandaa. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja, amenihesabu kuwa nini? Kondoo? Mtu? Kitu kipya?

Bernice akanguruma juu ya kichwa changu, naye akaondoka, bila haraka.

Ardis na Verlyn ndio walionivuta, kila mmoja mguu wake. Verlyn alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Akasema, "Shemeji, masika yote tunamtafuta mwizi wa kondoo, kumbe ni wewe!" Akafuta machozi, akataka nigeuke ahesabu meno ya Bernice.

Ardis hakucheka. Alikuwa ameinama analiangalia shimo. Kwenye seng'enge kulikuwa na manyoya ya kijivu, mengi, ya masika mazima. Na kifungo kimoja cha buluu. Akakiokota, akakitia mfukoni. Akasema, "Orrin, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikwambia kwa Kiingereza, nilikwambia kwa Kinorwe cha bibi yangu. Sasa nitasema kwa mawe."

Akayabeba mwenyewe kutoka kijitoni, mpaka lile kubwa la chini, alilolisukuma na Verlyn. Mimi nilielekeza, kifudifudi.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna koyoti. Hakuna nyayo. Wanakondoo wote wapo, na yule yatima wa Myrtle ameshavuliwa ngozi ya kuazima, sasa anajulikana kwa harufu yake mwenyewe.

Ardis amepika chapati za viazi kwa siagi na sukari. Alikuwa anaimba chinichini. Akasema labda mtu wa mnada hana haja ya kuja mwaka huu. Akaniwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo. Nilifurahi. Sikujua nilikuwa naogopa kiasi gani kuondoka hapa mpaka mkono ule ulipokaa begani.

Verlyn anasema kazi ni ya Bernice. Ardis anasema ni mawe. Mimi naona ukweli uko wazi. Koyoti alinijia pua kwa pua, akakutana na jambo asiloweza kulielewa, akakimbia. Ni ngozi!

Lakini ushahidi sina. Hilo linaniwasha kuliko meno ya Bernice.

Jumapili, 19 Mei

Verlyn alimrudisha Bernice kwake jana. Kwa hiyo si Bernice. Yamebaki mawili, ngozi na mawe.

Leo sikwenda kanisani, nilisema jeraha linauma. Ardis yuko huko anaimba, na blauzi mpya. Mimi niko kijitoni na darubini. Sikio Lililochanika yuko juu ya kilima, na watoto watatu. Mmoja anaburuta mkono wa blauzi, mwingine kaukalia. Mama yao anaangalia ukuta wa mawe. Kisha ananiangalia mimi. Kisha mawe.

Anataka kujua. Namfahamu sasa, na mimi niko hivyohivyo.

Ngozi nimeitia viraka. Nimejipaka mafuta. Mtu yeyote wa sayansi atakuambia kwamba mambo mawili hayapimwi kwa pamoja, lazima uondoe moja uone. Kwa hiyo nimeondoa jiwe. Moja tu! Lile kubwa la chini. Nitalirudisha kabla kwaya haijamaliza, isipokuwa nikisinzia, na leo sisinzii.

Hakitaharibika kitu. Hata hivyo asubuhi, Ardis alipokwisha kuondoka, nilimpigia simu shemeji wa Arizona. Kumsalimu tu. Amesema kwao koyoti hupita kila siku juu ya zile kokoto, mbele kabisa ya dirisha la jikoni.

Nimemuuliza kama wana masikio yote mawili. Hajawahi kuangalia! Watu wengine hawana udadisi kabisa.