Ombi la Kikaango cha Pili

Baba mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi mkweo seremala ni mzima, isipokuwa tumboni. Naandika kuhusu binti yako, aliyerudi kwako Jumatatu na sanduku moja na hasira za kujaza mawili. Sijui amekuambia nini. Ukweli ni huu, na sitii chumvi. Chumvi yangu naitia kwenye mayai tu.

1. Mkate wa kuchovya kwenye mayai hukaangwa kwa kitunguu, pilipili na chumvi. Binti yako hutia maziwa, sukari na mdalasini, kisha anakiita kitu hicho kifungua kinywa. Wewe ni mtu uliyekula chumvi nyingi, baba. Huyu ulimleaje akala sukari peke yake?

2. Tuna kikaango kimoja. Nikitangulia mimi, mkate wake unanuka kitunguu. Akitangulia yeye, sukari inaganda na mkate wangu unatoka mweusi kama soli ya kiatu. Kwa hiyo kila asubuhi tunapigana viwiko jikoni, watu wazima, wenye ndoa ya miaka kumi na moja.

3. Nilijaribu ufundi wangu. Nilichonga kibao chembamba nikakigawa kikaango katikati, kushoto kwangu, kulia kwake. Kibao kikashika moto. Pazia likafuata. Binti yako alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi kwa aibu nikatamka neno juu ya upishi wa mama yake. Tafadhali mama mkwe asisomewe namba hii.

4. Kwa kuwa ulinikabidhi mke bila kunitahadharisha habari za sukari, lawama ni yako. Arudi na kikaango chake mwenyewe, chenye mfuniko, pamoja na barua yako ya kukiri kwamba mkate wa mayai ni wa chumvi. Bila hivyo, abaki huko huko.

Wasalimie shemeji zangu wote, na yule jirani yenu anayeniuliza kila mara kwa nini sinenepi. Leo nina jibu.

Nabaki mkweo mtiifu,
Seremala

Nyongeza: Asubuhi hii kikaango kilikuwa changu peke yangu. Nilikaanga slesi nne za mkate wa kitunguu, hakuna aliyenipiga kiwiko, na sikumaliza hata moja. Nikakaanga ya sukari. Si mbaya, ila usimwambie. Mdalasini nimenunua. Namba tatu mama mkwe asomewe, na aambiwe nimekosa. Kikaango usimpe, baba. Aje yeye tu.