Mama Mkwe na Chupa Yangu ya Mbolea

Jamani, leo nimeadhirika, na nimemwadhirisha na mama mkwe. (Mtarajiwa. Kama bado anatarajia.)

Mnaijua kazi yangu: nauza mbolea ya tope la majitaka. Ndiyo, la vyooni. Linakaushwa juani, linachanganywa na maranda, linaozeshwa mpaka joto linaua vijidudu, na mwisho linakuwa chengachenga nyeusi zisizonuka kabisa. Mchicha unaipenda. Binadamu ndio wana maringo. Kwa hiyo sampuli naiweka kwenye chupa nzuri ya kioo, kifuniko rangi ya dhahabu, wateja wasinikimbie kabla sijafungua mdomo.

Leo wageni wakaleta posa nyumbani kwetu hapa Kariakoo. Nampenda sana kijana wao, sifichi. Ila mama yake anauza udi na manukato mtaa wa pili, na kwetu anaogopwa kama mtihani. Mama yangu akanionya nisitaje mbolea. Akiulizwa, atasema nashughulika na bustani.

Basi mimi nimejifungia chumbani, najitia wanja. Sebuleni shangazi akagundua udi umekwisha. Nyumba ya Waswahili ipokee posa bila kufukiza? Akapekua kabati, akakuta chupa yangu. Akajua ni udi wa kuunga, nimeuficha kwa ajili ya harusi. Akamwaga kijiko kizima juu ya makaa.

Harufu ilinikuta nimemaliza jicho moja. Mbolea ikiwa kavu hainuki, lakini sikuwahi kuichoma. (Nani angeichoma?)

Nikachungulia. Chetezo kinazungushwa! Mzee mmoja amekiingiza chini ya kanzu. Mama mkwe amekiinamia, buibui limefunika moshi wote, machozi yanamtoka. Nikangoja akisukume pembeni. Wapi! Watu wa heshima hawasukumi chetezo cha wenyeji.

"Mashallah," akasema. "Udi huu si wa hapa. Una uzito wa udongo."

Wageni wote wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akakohoa, kisha akaomba radhi kwa kukohoa.

Shangazi naye, kwa kujivuna, akasema kauunga binti mwenyewe. Hapo mama mkwe akataka niitwe nimweleze nimechanganya nini, maana anataka kuuweka dukani.

Nikatoka na jicho langu moja. Nikaamkia, akaitikia marahaba kwa tabasamu. Ningeweza kudanganya, lakini yule mama angeuza kweli! Wanawake wa Kariakoo nzima wangejifukiza kwa jina langu.

"Mama, hiyo ni mbolea."

"Ya ng'ombe?"

"Ya watu, mama. Ya humu humu mjini."

Mzee akashusha kanzu taratibu. Mama mkwe akanusa kiganja chake, safari hii bila mashallah.

Nikajitetea kwamba imetibiwa, ni salama kabisa. (Kwenye mchicha. Kwenye makaa sina uhakika.) Mama yangu alikuwa ameshajifunika ushungi usoni.

Kwa desturi, upande wa mwanamke ndio unaoomba muda kabla ya kujibu posa. Leo wageni ndio walioomba. Wamesema tutazungumza wakishaoga.