Barua ya Kufunga Mvua

"Nsimire dada, ku kwako mvua iko inanyesha?" jirani yake Colombe alimuuliza siku moja, amesimama kwenye vumbi mbele ya bango jipya.

Swali lilikuwa la haki. Bango lilisema: Huduma ya Moto, Upepo na Majani inawatangazia raia wote wa Kasha kwamba msimu wa mvua unaendelea vizuri.

Ulikuwa mwezi wa saba, na kuku walikuwa wakioga vumbi tangu asubuhi. Lakini mambo yana utaratibu wake. Msimu wa mvua hufungwa kwa barua, barua hutoka Goma, ambako wakubwa wa vita walikuwa wamepeleka mihuri yote ya misimu, na njia ya Kalehe, inayopitisha barua, ilikuwa ya risasi. Mungu alikuwa amekwisha kuifunga mvua tangu mwezi wa sita, ila hakuweka sahihi.

Nsimire, mjane mwenye nyumba ya mabati na migomba chini ya kilima, aliyapima majani ya huko juu kwa mkono. Ukiyakunja, yanavunjika kama biskuti. Na kila mchana upepo wa ziwa ulipanda mlima. Moto nao hupenda kupanda, hasa ukipata wa kuusukuma. Akaomba ruhusa ya kufyeka. Akajibiwa kwa heshima kwamba ruhusa ya kufyeka hutolewa kiangazi tu. Akasali rozari nzima, akachukua panga, akafyeka hatua kumi kuzunguka shamba lake.

Wiki ileile akaitwa ofisini.

Ofisi ya Chef Constantin, mkuu wa Huduma, ilikuwa juu ya kilima, katikati ya mikaratusi. Zamani palikuwa na migomba, lakini Chef aliing'oa, kwa sababu mgomba hulegea, hudondosha maji, hauna sura ya utawala. Mkaratusi husimama wima kama askari na umejaa mafuta.

"Maman Nsimire," Chef alisema, "umekata majani mabichi ya Serikali mu saison ya mvua. Nikipiga muhuri hapa, parcelle yako, nyumba na shamba, inakuwa ya Huduma."

"Chef, majani ilikauka."

"Ilikauka ku macho," Chef alisema, akigonga faili kwa kidole. "Mu dossier iko mabichi."

"Na moto ikikuya?"

"Moto gani, mama? Majani ya mvua haiwakake. Hiyo ni sayansi."

Guy, karani, aliandika neno sayansi na kulipigia mstari.

Wakati huohuo, huko chini, askari mmoja alikuwa amemaliza kuchoma hindi lake na kuyaacha makaa yajitunze. Nsimire aliona yote dirishani. Moto ulifika kwenye hatua zake kumi, ukakosa cha kula. Ukajaribu migomba, ukakuta maji. Basi ukageuka, upepo ukaushika mkono, na pamoja wakaanza kupanda.

"Chef," Guy alisema, "kuko moshi."

"Ni ukungu. Saison ya mvua iko na ukungu."

"Ukungu iko inakohoza batu, Chef."

Mkaratusi wa kwanza ukawaka kichwa, pwaa! Magome yake yakaruka yakiwaka hadi kwa wa pili.

"Ukungu mukali," Chef alikubali, jasho likimtoka. "Leteni pompe ya maji!"

"Pompe iko imefungiwa mu depot, Chef. Inatoka kiangazi tu."

Guy alilamba ncha ya kalamu. "Sasa niandike nini? Nikiandika moshi, ni kiangazi, na maman hana kosa. Nikiandika ukungu, tubakie hapa tumalize kesi. Lakini weye ukitoka bila kupiga muhuri, kesi imekufa. Ni article ya tano ya sheria, njo weye uliandikaka."

"Piga basi ile muhuri!"

"Haiwezekani, Chef," Guy alisema kwa huzuni ya kweli. "Mushitakiwa bado kujitetea. Article ya ine."

Nsimire alivuta kiti karibu, akaketi vizuri, akafunga kitambaa cha kichwa upya.

"Mie niko tayari, Chef. Nitaanza pole pole, tangu mwaka bwana yangu alinunua ile parcelle, Mungu amuweke pema. Halafu niko na mashahidi kumi na moja."

Kioo cha dirisha kikapasuka. Chef Constantin aliutazama muhuri, akamtazama mjane, akamtazama Guy aliyekuwa bado ameinua kalamu akisubiri neno. Akavaa kofia yake, akatoka, muhuri ukibaki mezani bila kupigwa.