Oili Mpya ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe ameacha kuendesha. Macho! Juzi alipiga honi robo saa akisubiri nguzo ya geti impishe. Gari atampa mmoja wa wakwe zake wawili: mimi, au mwanyumba wangu aliyeoa dada wa mke wangu. Kila mmoja akae nalo siku tatu, kisha Jumapili mzee ataisikiliza injini na kuamua. Masikio yake hayajambo.

Nalitaka hili gari. Nalitaka mpaka naona aibu. Miaka tisa nampakia mke wangu kwenye baiskeli, naye miaka tisa anasema hajachoka.

Mwanyumba namwita Bwana Taratibu, kimoyomoyo. Hukunja hata soksi chafu. Lazima nimpiku. Bahati nzuri zamu ya kwanza ni yangu, kuanzia kesho.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Oili ya sintetiki. Injini itanong'ona.

Nilipita kwa fundi, kwa heshima tu. Akasema nitie ile ile ya kawaida ambayo mzee ameitumia miaka ishirini. Eti sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zimechoka, na uchafu wa zamani ndio unaoziba mianya. Sintetiki itausafisha wote, halafu gari livuje. Yaani uchafu ndio unaolishikilia gari! Nilimtazama kwa huruma. Kuna watu dunia imewaacha.

Dukani kulikuwa na galoni nyeusi na galoni ya dhahabu. Muuzaji akasema ya dhahabu ni sintetiki, ya injini za kisasa. Nikamuuliza, kwani injini ya mkwe wangu si injini? Akakubali kwamba ni injini. Mjadala ukafungwa.

Nimemwaga ya zamani na kutia mpya mwenyewe. Kimya kabisa! Mke wangu akauliza kama fundi amekubali. Nikamwambia tumelizungumza kwa kina. Si uongo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimepita mara tatu mbele ya duka la dawa la Bwana Taratibu. Mara ya nne akatoka, akauliza kama nimepotea njia.

Saa sita, doa chini ya gari. Ukubwa wa kisosi. Saa nane, sinia! Nimetega beseni la mke wangu la kufulia.

Mbio kwa fundi. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alimwita fundi mwenzake aje aone. Akasema nimwachie gari siku mbili abadilishe sili. Siku mbili! Mzee si atajua?

Ndipo likaja wazo la pili. Saa kumi na moja nikampelekea mwanyumba gari, kabla ya zamu yake. Zawadi ya undugu. Acha livujie mikononi mwake! Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hakujua kama nampenda kiasi hicho. Roho iliniuma mpaka kona ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili sina habari, roho juu. Leo kaja shemeji, mke wa Bwana Taratibu. Anasema gari lilivuja, mumewe akalipeleka kwa fundi papo hapo, likawekwa sili mpya. Sasa kavu. Na kwa wazee amesema limeharibikia kwake! Hakunitaja hata kidogo.

Huu ni ukatili. Mtu mwema kiasi hicho utamshindaje?

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Akasema miaka ishirini hajaisikia injini tamu hivi. Akauliza nani katia oili mpya.

Nilidaka kabla hajamaliza. Mimi! Sintetiki! Jumanne, kwa mikono yangu! Nikaongeza kwamba fundi alinikataza, eti litavuja, ila sikumsikiliza.

Bwana Taratibu akakohoa. Mke wangu akatazama viatu vyake.

Mzee akafumbua macho. Akasema, ala, kumbe mmoja anaharibu na mwingine anaficha. Hakuna wa kupewa. Akamkabidhi ufunguo mke wangu, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha kabla mimi sijatokea. Kwa sharti moja: nisifungue boneti maadamu yeye yu hai.

Mke wangu aliendesha hadi nyumbani akiimba. Mimi nyuma, na baiskeli. Nakiri nilifurahi kumwona vile. Nikaapa kutogusa kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu yuko bafuni anajiandaa kwenda kazini. Mimi niko chini ya gari na kalamu. Nimegundua jambo kubwa. Oili ya giaboksi humwagwa kutoka huku chini na kutiwa kutoka huku chini. Boneti haihusiki kabisa! Sharti la mzee liko salama. Muuzaji anasema ya giaboksi pia ipo ya sintetiki. Fundi sitamuuliza, nimeshajua atakachosema. Na mke wangu simwambii. Nataka nimshangaze.