Bahasha Kwenye Mkoba wa Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Shajara hii imesogezwa mezani! Binti yangu anasema alikuwa akifuta vumbi. Ndivyo asemavyo. Wakati wa chakula nikawahutubia juu ya haki ya mtu kuwa na faragha. Tangu tukimbie kwetu nimehamia nyumba kumi na moja. Najua thamani ya kona ya mtu. Mkwe wangu, fundi umeme, akauliza kama faragha ndiyo ile saa nzima ninayokaa na gazeti chooni. Nikaendelea kuhutubia. Nimeshinda: hakuna aingiaye kwangu bila hodi.

Jumanne, tarehe 5
Balaa. Nimewasikia jikoni wakinong'ona, "chumba cha baba". Nilipotokea wakahamia kwenye bei ya vitunguu. Nani hunong'ona juu ya vitunguu? Wananipeleka kwa mwanangu mkubwa! Nyumba ya kumi na mbili, kwa magoti haya. Chai imenishinda.

Jumatano, tarehe 6
Barua ya mwanangu imefika. Binti kaitia mkobani, zipu hadi mwisho. Faragha ni haki, lakini mtu kujua atalala wapi ni haki kubwa zaidi. Hoja nimeipitisha peke yangu, bila mpinzani. Alipoingia kuoga, nikafungua mkoba na bahasha.

Mwanangu anasema nisiende kwake hata kwa wiki moja. Eti napekua vitu vya watu. Uzushi mtupu!

Humo humo mna jibu la binti, bado halijatumwa: "Nilikuuliza kama anaweza kuja kukusalimia tu, kaka. Makazi yake ni hapa. Ila haya uliyoandika asiyajue, yatamuumiza."

Nikakaa kitandani kidogo. Kisha nikarudisha kila kitu, zipu hadi mwisho. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, tarehe 7
Wamejua. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masjala. Kila karatasi niliyoisoma niliandika juu yake "Imesomwa", tarehe na sahihi. Jana mkono ulifanya kazi bila kuniuliza. Karatasi zote mbili!

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, baba, ile barua ilikuwa yangu, na niliificha kwa ajili yako. Akalia. Mkwe akasema angalau mzee hakukosea tarehe. Na minong'ono? Walikuwa wakichagua rangi ya kupaka kuta zangu.

Nimeomba radhi. Nimeapa sitagusa tena karatasi isiyo yangu.

Jumamosi, tarehe 9
Kiapo nimekishika. Binti anamwandikia kaka yake upya, mlango kaufunga. Nimefurahi, hotuba yangu imemwingia. Tatizo lake ni moja: anaiinamia sana karatasi. Kupitia tundu la ufunguo mistari ya katikati haisomeki kabisa.