Matete ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa kwenye shamba langu mwenyewe. Bibi shamba amekuja, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira na nondo mkononi. Akaichomeka katikati ya viazi vyangu. Ikazama vidole vitatu, ikagonga mwamba. Akaniuliza udongo wangu umekwenda wapi. Kana kwamba nimeula!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa shambani kwake, chini ya langu, masikio wazi. Mimi humwita Kinyonga, kwa mwendo wake. Kwake nondo ilizama mpaka ikabaki ya kushikia tu. Isizame kwa nini? Kila mvua inapeleka udongo wangu kwake. Huyo ni mwizi anayeiba akiwa amelala.

Bibi shamba akatusomesha. Mlima husaga mawe yake polepole, kwa baridi, mvua, mizizi na nyungunyungu, na udongo wa unene wa kidole kimoja ni kazi ya mamia ya miaka. Tena matuta yangu nimeyalima ya kuteremka, yaani maji nimeyachongea njia. Kulima kwa kukingama mteremko kunaumiza kiuno. Hilo sikumwambia.

Atarudi Jumamosi kuchimba shimo, apime unene wa udongo. Mke wangu akatamka mbele ya wote: shamba likionekana linakufa, atalilima Kinyonga. Shamba aliloniachia mama! Nimesusa chakula cha jioni. Nimekula baadaye kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Kinyonga kaja na jembe begani. Eti, shemeji, tuyakingamishe matuta pamoja, siku tatu tunamaliza. Nikamjibu kwamba mikono ninayo miwili, inanitosha. Akaenda zake, hata hakukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali. Kichwani mwa shamba kuna ukanda wa matete aliyoyapanda mama. Alikuwa hakubali mtu akate hata fimbo pale, nami nilidhani ni uchoyo wa uzee. Leo nimechimba nyuma yake. Udongo mweusi, unafika magotini! Umekaa bure huku mimi natukanwa.

Nimeng'oa matete yote. Udongo umejaza toroli ishirini na mbili. Nimeumwaga katikati ya shamba, hapo hapo nondo ilipogonga, nikaushindilia kwa miguu. Jumamosi bibi shamba achimbe mpaka achoke.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kauliza matete yako wapi. Nikasema yameliwa na mchwa. Akauliza ni mchwa gani wanaosukuma toroli. Sijibu maswali ya dharau.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Imeanza asubuhi, nikaiangalia kutoka mlangoni. Maji yalitoka juu, hakuna wa kuyauliza yanakwenda wapi, yakaingia kwenye matuta yangu, moja kwa moja. Kufika adhuhuri ule weusi wote ulikuwa umekwenda, na vidole vyangu vitatu vya zamani, na viazi. Nimeviona vikibingirika. Vilisimama kwenye kingo za mawe za Kinyonga, pamoja na udongo.

Jioni akaniletea viazi vyangu ndani ya kikapu. Amevisafisha. Sijawahi kukichukia kikapu namna ile.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi shamba hakuchimba kitu, maana hakuna cha kuchimba. Alipanda hadi yalipokuwa matete, akachuchumaa muda mrefu. Akasema aliyeyapanda alikuwa anakinga udongo, mvua baada ya mvua, labda miaka thelathini. Akauliza ni nani. Nikasema mama yangu. Akauliza aliyeyang'oa. Mke wangu akawahi kujibu: mchwa.

Nilikasirika mpaka macho yakajaa maji. Ni hasira tu.

Kinyonga analima kuanzia Jumatatu. Amesema, shemeji, likipona nitakurudishia. Nani kamwomba huruma?

Jumapili, 16 Novemba
Nimepita shambani. Nilikuwa natembea tu. Matuta yamekingama, maharage yamefunika ardhi yote, na kule juu matete mapya yananifika kifuani. Kinyonga alinitaka nimsaidie kuyapanda, nikamwambia kiuno.

Nyuma ya matete nikaingiza kidole. Udongo mweusi umeanza kujikusanya, laini, unanukia kama kanga ya mama akitoka kulima. Nimekaa pale kitambo. Ni wa shamba langu, kwa hiyo ni wangu, na Kinyonga ameuacha nje, mvua nyingine ije iuchukue. Watu hawajifunzi.

Mimi nimejifunza. Nimepata viroba vinne, na gurudumu la toroli nimelipaka mafuta lisipige kelele. Kesho Kinyonga anakwenda sokoni. Safari hii udongo nitauweka chini ya kitanda, mvua haifiki.