Kamanda wa Mashine ya Kusaga

Jumatatu, 12 Machi 1984

Leo nimeenda kazini na bata bukini. Jina lake Kamanda. Dume la nguvu, shingo kama mpini wa jembe. Nimempata kwa Gidamanyega, mfugaji wa kule Hanang, nikampa katambuga mpya za tairi, jozi mbili. Gidamanyega kaniapia ni dume. Mtu mwenye ng'ombe wengi vile atakosea bata?

Mpango safi kabisa. Mimi ndiye naendesha mashine ya kusaga ya Mzee Herieli, hapa Babati, barabara ya Bonga. Pumba na unga unaomwagika chini ni mali ya Mzee, ya nguruwe wake. Ndivyo ilivyo kwenye kila mashine. Lakini bata hajui hayo. Atakula, atanenepa, Pasaka namuuza. Mzee kauliza huyu wa nini hapa. Nikasema mlinzi. Kaniangalia sana. Hakukataa!

Jumanne, 13 Machi

Dizeli hakuna. Debe za mahindi ya njano zimepangwa kutoka mlangoni mpaka barabarani. Wenyewe wamekaa ukutani wanasubiri. Wa kwanza ni Mama Bernadina wa Nakwa. Anasema watoto wake wanakula mahindi ya kuchemsha asubuhi na jioni, mpaka wamekataa kuongea naye.

Kamanda kamng'ata Paskasi kwenye paja. Paskasi ni shemeji yake Mzee, kazi yake kusimamia foleni, na usiku anaiota kazi yangu. Nimemwambia pole. Nikaenda nyuma ya mashine kucheka.

Jumatano, 14 Machi

Mbaya. Lita chache zimepatikana, nikawasha mashine. Mama Bernadina kaniletea debe lake, mara Paskasi huyo, kaingia mlango wa nyuma na debe la Mama Domina. Mama Domina ni mke wa mkubwa mmoja wa ofisini, foleni haijui. Kasagiwa yeye, dizeli ikaisha. Kelele! Debe zikaruka. Kuna aliyepoteza jino, tukalitafuta kwenye pumba.

Mzee kaja amevimba. Kasema wazi: fujo nyingine moja tu, mimi naenda nyumbani, Paskasi anashika mashine. Na Kamanda anaingia chunguni Jumapili, kuna mgeni wa kanisani. Paskasi kachomekea kwamba bata anakula pumba za nguruwe. Mchongezi!

Jioni chai bila sukari. Nikamwangalia Kamanda. Naye kaniangalia. Hatukula vizuri.

Alhamisi, 15 Machi

Asubuhi Kamanda hayupo! Nimezunguka mpaka kwa mama muuza vitumbua. Nikasema Paskasi kashamchinja. Kumbe yuko nyuma ya mashine, kwenye magunia makuukuu, pale pale nyuma ya ule mlango wa nyuma. Kakaa tu. Nikimsogelea ananizomea kama simjui.

Mama Bernadina kaja kuchungulia. Kainama, kainuka, kaniambia taratibu, "Baba, huyu kamanda wako ametaga."

Foleni nzima imecheka. Watu ambao hawajala ugali siku ngapi wamecheka mpaka wakakaa chini. Gidamanyega anajua ng'ombe, kwa bata nilimwamini bure. Nikawaambia nilijua tangu mwanzo, ni mbinu.

Nimejaribu kumhamisha. Mkono wangu una alama. Basi akae.

Ijumaa, 16 Machi

Siku yangu hii! Naandika nikiwa nimesimama.

Pipa la dizeli limefika saa nne. Watu wakajaa mlango wa mbele, wanasukumana, na mimi nimeshaanza kuaga mashine kimoyomoyo. Nikamwona Paskasi anazunguka na debe la Mama Domina begani. Mama mwenyewe nyuma yake, kitenge kipya, sijui alikipata wapi siku hizi. Wakasukuma mlango wa nyuma.

Sijawahi kusikia mwanaume analia vile. Kamanda alimpata kwenye paja lile lile. Debe chini, mahindi chini, Paskasi juu ya mahindi, Kamanda juu ya Paskasi anampiga mabawa. Mama Domina karudi mbio mpaka mlango wa mbele, kiatu kimoja. Watu wameacha kusukumana, wanatazama.

Akasema, "Mnajua mimi ni mke wa nani?"

Mama Bernadina akamjibu, "Sisi tunajua, mama. Bata ndiye hajui."

Mama Domina akaenda mwisho wa foleni. Kwa miguu yake! Walipoona hata yeye kapanga foleni, nani tena atasukuma? Mama Bernadina kasaga wa kwanza, kaondoka na unga kichwani bila kuaga mtu. Mzee kafika akakuta foleni imenyooka mpaka kwa fundi viatu. Kauliza nani kapanga hivi. Nikamwonyesha. Nikasema nilimweka pale kwa makusudi, yai na kila kitu. Kaamini!

Jumamosi, 17 Machi

Mimi ni mtu mkubwa Babati. Kuna mwanamke kanipa shikamoo na ni mkubwa kwangu. Paskasi anatembea upande upande. Mgeni wa kanisani atakula maharage. Kamanda ana pumba zake rasmi, kwa idhini ya Mzee, na sasa hauzwi, Pasaka wala Krismasi.

Mzee kanishika bega akasema, "Melkiadi, umeshinda. Lakini mnyama mwingine asikanyage hapa. Wala ndege."

Nimeapa mbele yake, mkono juu.

Tatizo limebaki moja: kuna mtu ananyonya dizeli kwenye pipa usiku. Nimeshalitatua. Alois fundi baiskeli ana mzinga wa nyuki kutoka Sigino, tumeelewana kwa katambuga. Kesho jioni naupandisha juu ya pipa. Nyuki si mnyama, si ndege. Ni mdudu. Na Alois kaniapia hawa ni wapole, hawaumi.